Mvushaji Hakuwa na Jina

Mzee mvushaji alitengewa sentensi mbili tu. Ya kwanza iwaambie wachezaji kwamba kuna mtumbwi umefungwa kwenye kigingi. Ya pili iwafikishe ng'ambo ya mto, chini ya mnara wa mchawi, ambako ndiko mchezo wa jioni ile ulikopangwa kuanzia. Ticha, mwendesha mchezo, alizisema zote mbili, akashika karatasi yenye ramani ya mnara, tayari kuifunua mezani.

"Shikamoo, mzee," akasema dada mmoja, fundi cherehani, aliyekaa karibu na sahani ya chapati.

Hakuwa akimwamkia Ticha, ambaye ni rika lake. Alikuwa akimwamkia mvushaji.

Ticha akairudisha karatasi chini, ingali imefunikwa. Mabega yakashuka kidogo, na sauti nayo ikashuka. "Marahaba, mwanangu. Mmetoka salama huko?"

"Salama tu, mzee. Samahani, tukuite nani?"

Mzee hakuwa na jina. Mtu wa sentensi mbili anataka jina la nini? Nilikuwa nimekaa pembeni, mgeni wa kutazama tu, na niliona macho ya Ticha yakitoka kwa yule dada, yakashuka kwenye ukingo wa daftari lake, yakarudi. Sekunde mbili, tatu hazikufika.

"Mashaka," akasema mzee. "Naitwa Mashaka. Na siku hizi sivushi mtu usiku."

Hapo mpango wa jioni nzima ukavunjika, na hapo ndipo nilipoanza kutazama kwa makini.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano hukaa mezani, kila mmoja na mhusika wake, huyu mpiga upinde, yule mganga, mwingine mwizi aliyetubu nusu. Mmoja wao hana mhusika, kwa sababu yeye ni kila kitu kingine: mvua, mfalme, joka, muuza samaki, mlango uliokwama. Wachezaji husema wanachofanya, naye husema kinachotokea. Jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa, mara nyingi ile ya pande 20. Hadithi huendelea wiki kwa wiki, pengine kwa miaka, na mfululizo wote huitwa kampeni. Mchezo unaojulikana kuliko yote ya aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974.

Kinachoutenga na michezo mingine ni uhuru. Kwenye drafti, kete haiwezi kugoma kusonga ikaenda kumjulia hali jirani. Huku inaweza, na ndivyo itakavyofanya, hasa siku ambayo mwendesha mchezo amekesha akiandaa kitu kingine. Ticha alikuwa ameuchora mnara ule kwa jioni mbili: ghorofa tatu, ngazi ya kuzunguka, maktaba yenye kitabu cha siri, kuta zimetiwa kivuli kwa penseli. Shikamoo moja ikaufungia nje.

Watu wakiusifu mchezo huu husifu sauti za waigizaji, ramani nzuri, sanamu ndogo za majoka zilizopakwa rangi kwa brashi ya nywele chache. Ni vitu vya kusifiwa kweli. Lakini ufundi ninaouhusudu mimi hauonekani mezani. Unakaa katika zile sekunde mbili, kati ya swali ambalo hakuna aliyelitegemea na jibu linalosikika kana kwamba lilikuwapo siku zote.

Kuna wanaodhani kwamba kuvurugika kwa mipango ni dosari ya mchezo, jambo la kuvumiliwa. Historia yake inasema vingine. Mchezo wenyewe ulizaliwa siku mpango wa mtu ulipovurugika.

Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, jimbo la Minnesota, mpenzi mmoja wa michezo ya vita aitwaye David Wesely aliandaa pambano la zama za Napoleon. Kwa desturi, michezo hiyo ilikuwa majeshi mawili ya sanamu ndogo mezani, na kila mchezaji na kikosi chake. Wesely akaongeza jambo. Baadhi ya wachezaji aliwapa nafasi za watu binafsi katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo, kila mmoja na haja yake moyoni. Majeshi yalikuwa yanaukaribia mji. Wachezaji hawakungoja. Wakavutana pembeni, wakanong'onezana, wakapanga hila, na wawili kati yao wakatangaza kwamba wanapigana ana kwa ana kulinda heshima zao. Wesely hakuwa na kanuni hata moja ya mpambano wa namna hiyo. Akaitunga papo hapo. Usiku ulipokwisha alijiona ameharibu kila kitu. Wachezaji wakamwomba aandae mwingine.

Wesely hakuwa akitapatapa tu. Alikuwa amesoma kitabu cha mwaka 1880 kiitwacho Strategos, cha afisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, kilichoeleza mchezo wa kuwafunza maafisa mambo ya vita. Humo alikuta wazo kwamba mchezaji anaweza kujaribu jambo lolote lile, na mwamuzi ndiye atakayesema limeishia wapi. Wazo hilo nalo lilikuwa na ukoo mrefu. Kanuni za mchezo wa vita alizozitoa afisa wa Prussia, von Reisswitz, mwaka 1824 zilimweka mwamuzi katikati ya pande mbili. Mwaka 1876 afisa mwingine wa huko, Verdy du Vernois, akataka majedwali mazito yawekwe kando na uamuzi wa mtu mzoefu ushike nafasi yake. Hawa walikuwa wanajeshi wa kazi. Walijua kwamba adui hana haja ya kuusoma mpango wako, kwa hiyo walitaka mchezo usiokwama mtu akifanya lisiloandikwa.

Miongoni mwa wachezaji wa Wesely alikuwamo Dave Arneson. Husimuliwa kwamba katika mchezo mmoja uliofuata, uliowekwa katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kilatini, Arneson alipewa nafasi ya mwanafunzi mwanamapinduzi, akaja na kitambulisho bandia cha CIA na kuwaaminisha wenzake kwamba yeye ni mtu mwingine kabisa. Mtu wa hila kama hizo akikaa upande wa pili wa meza, anajua atakachofanyiwa. Mwaka 1971 Arneson alianzisha kampeni yake, Blackmoor, yenye ngome na mashimo yaliyojaa viumbe vya kutisha. Mwishoni mwa 1972 alikwenda kumwonyesha Gary Gygax mjini Lake Geneva, Wisconsin. Wawili hao ndio waliotoa Dungeons & Dragons Januari 1974, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 za kwanza.

Turudi mtoni.

Baada ya mchezo nilimwomba Ticha anionyeshe daftari lake. Ni kaunta buku ya kawaida, jalada limechakaa pembeni. Kwenye ukingo wa kushoto kuna safu ya majina 20 yasiyo na watu: Tabu, Sikujua, Mashaka, Chausiku. Jina likitumika hukatwa mstari na mwenyewe huandikwa mbele yake. Mbele ya Mashaka, kwa mwandiko wa haraka, aliandika: "mvushaji, havushi usiku, KWA NINI?" Hayo maneno mawili ya mwisho kwa herufi kubwa. Alikuwa amemtamkisha mzee neno ambalo sababu yake yeye mwenyewe hakuijua bado.

Ukurasa wa kulia una jedwali la safu tatu: nani, anataka nini, atafanya nini asipozuiwa. Mchawi anataka maji yote ya bonde. Asipozuiwa, kila baada ya siku nne kisima kimoja cha kijiji kinakauka. Mkuu wa kijiji anataka watu wasijue kwamba ndiye aliyemkaribisha mchawi. Asipozuiwa, atamfukuza anayeuliza sana. Walikuwapo wengine watano au sita. Nilitafuta mahali palipoandikwa wachezaji watafanya nini. Hapakuwapo.

Huo ndio msingi wa kazi. Fundi mchanga huandika hadithi: watavuka, watapanda ngazi, watakuta kitabu. Mchezaji mmoja akishika njia nyingine, kurasa kumi zinageuka karatasi za kufungia vitumbua. Fundi aliyekomaa huandika hali ya mambo, nani yuko wapi na anataka nini. Hali haivunjwi na mtu kugeuka kushoto. Ukimjua mchawi anataka nini, unajua atafanya nini hata akivamiwa na mambo ambayo hukuyawaza kabisa.

Basi, kwa nini mzee havushi usiku? Jibu lilitoka kwenye kosa. Kijana mmoja wa chuo, aliyekuwa kimya muda wote, akainua kidole. "Lakini Ticha, mwanzoni si ulisema mto umekauka mpaka mawe yanaonekana? Sasa mtumbwi wa nini?"

Kimya kikaingia. Kweli alisema hivyo. Hata mimi nilimsikia. Nimewahi kukaa kwenye meza ambazo mwendesha mchezo angejibu, "Sikusema hivyo," au, "Tuendelee tu, jamani." Ticha akatikisa kichwa taratibu. "Nilisema, ndiyo." Kisha akainamisha mabega tena, akawa Mashaka. "Mchana mto ni mawe matupu, mwanangu, unavuka kwa miguu. Jua likizama maji yanarudi, tena kwa hasira, yanapanda kuelekea mnarani. Mwanangu wa kwanza aliyafuata kwa mtumbwi kuona yanakokwenda. Sijamwona tena."

Fundi cherehani akaacha kutafuna.

Tazama alichofanya. Makosa mawili madogo, mto uliokauka na mtumbwi usio na maji, ameyashonea jambo la tatu aliloliandika siku nyingi: mchawi anataka maji yote ya bonde. Keith Johnstone, mwalimu wa maigizo ya papo kwa papo aliyeandika kitabu Impro mwaka 1979, alifundisha kwamba mtunga hadithi ni kama mtu anayetembea kinyumenyume. Hajui aendako, lakini anaona vyote alivyovipita, na kazi yake ni kuvirudisha ndani. Kutunga jambo jipya kila dakika si kazi ngumu, mlevi huweza. Kazi ni kukumbuka ulichokwisha kukisema na kukipa kazi ya pili.

Baada ya hapo nilitegemea wachezaji wavuke. Kijana alikuwa tayari. Aliyezuia ni kaka mmoja mhasibu, ambaye mhusika wake ni shujaa wa panga mwenye nguvu kuliko wote. "Subirini," akasema. "Mnara hauoti mahindi. Huyu mchawi anakula. Walinzi wake wanakula. Chakula kinaletwa na nani, na kinatokea wapi? Mimi sipandi ngazi ya mtu nisiyejua ghala lake liko wapi. Mzee Mashaka, mtumbwi wako unauza bei gani?"

Wakakubaliana kuuacha mnara na kushuka na mto siku nne, hadi kwenye bandari iliyoko mlangoni mwa bahari. Bandari hiyo, katika daftari la Ticha, ilikuwa neno moja na alama ya nanga.

Ticha akauliza swali moja tu. "Mkifika huko, mnataka kupata nini?"

"Tujue anayemlisha. Tukiweza, tumkatie."

"Haya. Tunywe chai kwanza."

Zile dakika kumi za chai nilizitazama kuliko mchezo wenyewe. Wachezaji walikuwa jikoni wakicheka. Ticha alibaki. Hakuandika hadithi mpya. Alichukua ramani ya mnara, akaifunika ghorofa mbili za juu kwa kiganja, akaitazama ya chini: milango miwili, ngazi moja, chumba kirefu, chumba kidogo cha pembeni. Akachukua karatasi ya pili, akaandika juu yake "Ghala", akanakili kuta zilezile kwa penseli butu. Jioni mbili za kazi hazikupotea zote. Halafu akafungua jedwali, akaongeza mtu mmoja: mwenye ghala, anataka alipwe deni lake na mchawi, asipozuiwa atamuuza mtu yeyote. Kisha akapiga mstari chini ya sentensi moja aliyoiandika zamani: mchawi hawezi kugusa chumvi.

Swali aliloliuliza ndilo lililomwokoa. Angeuliza, "Mnakwenda wapi?" angepata jina la mahali na kulazimika kujenga mji. Aliuliza wanataka nini, akapata kazi ya kufanya: anahitaji mtu mmoja, nyumba moja, na siri moja. Mji mzima unaweza kungoja.

Ghalani kulikuwa na mlinzi. Ticha alikuwa amemwazia mkali, lakini hakuamua. Alitupa dadu mbili za kawaida. Desturi hiyo imo tangu vijitabu vya 1974: viumbe wakikutana na wachezaji, na haijulikani watapokeaje, dadu mbili hujumlishwa. Kuanzia 2 hadi 5 ni ubaya, 6 hadi 8 ni mashaka, 9 hadi 12 ni wema. Hesabu yake ni nzuri: kati ya matokeo 36, ubaya una 10, wema una 10, na 16 yaliyobaki ni mtu ambaye hajaamua, anayengoja kuona utasema nini. Zikatoka 5 na 4. Mlinzi akawa mtu aliyechoka, anayetaka mtu wa kuzungumza naye, na kwa maneno machache na chapati ya kubuni akawaachia wafungue chumba cha pembeni. Nadhani hapa ndipo unyenyekevu wa fundi huonekana. Alikuwa na mlinzi mzuri kichwani, akamwacha afe kwa sababu ya vipande viwili vya plastiki.

Chumbani wakakuta daftari la mizigo. Mhasibu akaomba lisomwe, naye Ticha akalisoma polepole kama mtu anayesoma risiti: mahindi magunia 40, samaki wakavu, mafuta, mishumaa, mahindi tena. Mwezi baada ya mwezi. Mhasibu akamkatiza. "Ngoja. Watu wote hao, miezi mitatu, hakuna chumvi?"

Sikuona mtu akipumua.

Siri ile ilikuwa imewekwa kwenye kitabu katika maktaba ya mnara, ghorofa ya pili. Sasa imetokea bandarini, ndani ya daftari la hesabu, mbele ya mtu pekee mezani ambaye angeweza kuiona kwa kutokuwapo kwake. Hapa msomaji mkali atauliza: je, huo si udanganyifu? Kama siri inaweza kuhama, basi popote wangekwenda wangeikuta, na uhuru wao ulikuwa wa nini?

Swali hilo limewagawa waendesha michezo kwa miaka mingi. Wapo wanaojenga reli moja: mchezaji huruhusiwa kuchungulia dirishani lakini treni haibadili njia. Wapo wajanja zaidi, wanaokupa njia panda, na zimwi walilokuandalia hukungoja kwenye njia utakayochagua, kulia au kushoto. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mchezaji asipojua, husemwa, hana alichopoteza. Mimi naona amepoteza. Akiligundua hilo siku moja, chaguo zake zote za nyuma huoza pamoja.

Alichofanya Ticha ni kingine, na tofauti yake ni nyembamba kama uzi wa cherehani. Ukweli wa mchawi haukuhama. Aliogopa chumvi wiki iliyopita na anaiogopa leo, na jambo la kweli huacha alama mahali pengi: kwenye kitabu, jikoni, kwenye hesabu za muuza vyakula. Mwandishi wa Marekani Justin Alexander amelifanya hili kanuni inayofuatwa na wengi: kila jambo unalotaka wachezaji waligundue, liwekee dalili zisizopungua tatu, kwa kuwa moja wataipita, nyingine wataielewa vibaya. Ticha aliiongeza ya tatu mahali walipochagua kwenda. Kilichohama ni alama. Matokeo hayakuhama hata inchi, na hilo nitalifikia.

Wapo mafundi waliouingiza uhuru huu kwenye kuta zenyewe. Jennell Jaquays, aliyefariki Januari 2024, alichora mashimo ambayo wachoraji bado wanayasoma kama wanafunzi wa usanifu. Katika Caverns of Thracia, iliyotoka 1979, pango lina viingilio zaidi ya kimoja, ngazi zinazoruka tabaka, njia zinazozunguka na kukutana. Hakuna mpangilio mmoja wa kuyapita, kwa hiyo hakuna mpangilio wa kuvunja. Tracy na Laura Hickman, katika Ravenloft ya mwaka 1983, walifanya la ajabu zaidi: mpiga ramli hutandika karata, na karata hizo ndizo huamua silaha za kumshinda bwana mnyonya damu zimefichwa wapi, na bwana mwenyewe anatafuta nini. Mwendesha mchezo naye haujui mwisho mpaka karata zifunuliwe. Kila mmoja kwa njia yake amekataa kuwa mtu pekee mezani anayejua kesho.

Sasa matokeo. Safari ya kushuka na mto ilikuwa siku nne, na kurudi ni nne nyingine. Waliporudi kijijini na magunia ya chumvi, wakijisifu, Ticha aliwapokea kwa sauti ya chini. Kisima cha kwanza kilikuwa kimekauka kabla hawajaondoka. Sasa cha pili na cha tatu vimekauka pia. Familia nne zimehama. Bibi aliyewapa chakula siku ya kwanza hayupo, na nyumba yake imefungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyewalaumu. Ticha hakuongeza neno.

Ule mstari wa daftari, kila baada ya siku nne kisima kimoja, ulikuwa umesimama pale tangu mwanzo bila kujali wachezaji watakwenda wapi. Arneson naye alifanya hivyo Blackmoor: wachezaji wake walipozama mno mashimoni wakitafuta hazina, maadui waliuteka mji waliotakiwa kuulinda, na wakajikuta wamepelekwa uhamishoni. Ndiyo bei ya uhuru, na mwendesha mchezo mwoga huipunguza kwa huruma. Hufanya kila chaguo liwe zuri, na kumbe chaguo ambalo haliwezi kukugharimu kitu ni pambo tu. Fundi cherehani alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama yule bibi alikuwa na ndugu mahali. Ticha akashuka tena kwenye ukingo wa daftari, na jina la Chausiku likakatwa mstari.

Ilipokaribia saa nne usiku, akafunga daftari, akauliza swali lile analouliza kila mara kabla watu hawajavaa viatu: "Wiki ijayo mnaanzia wapi? Mnarani, au kwa ndugu wa bibi?" Wakabishana hadi mlangoni, wakakubaliana. Ni hila ndogo kuliko zote na pengine yenye faida kuliko zote. Mwendesha mchezo anayeuliza hivyo usiku huu ana siku saba za kuandaa kile tu kitakachohitajika. Asiyeuliza huchora minara.

Msemo wa wahunzi unasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa ufundi huu ningesema zaidi: hapo ndipo kazi inapoanza. Mwenye kuogopa maswali ya wachezaji aandike riwaya. Ni kazi ya heshima, na wahusika wake hawatamwamkia mvushaji bila ruhusa. Mwenye kutaka kukaa upande ule wa meza aanze na kidogo. Aandike majina 20. Aandike watu watano, kila mmoja anataka nini na atafanya nini asipozuiwa. Aziache kurasa zinazofuata wazi, na akikosea, akubali kosa mbele za watu kabla hajalipatia kazi.

Nilipoliona daftari la Ticha mara ya mwisho, ramani ya mnara ilikuwa bado imekunjwa nyuma ya jalada, haijafunuliwa. Mzee Mashaka alikuwa na ukurasa mzima.